RDC: Karibu kila mama ananyonyesha, lakini kikombe cha maji kinafika kabla ya miezi sita

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na siku nne alipokunywa maji. Si mimi niliyempa. Shangazi yangu alikuwa ametoka Walungu na kuku wawili na mfuko wa maharagi, akamkuta mtoto analia. Akachemsha maji, akayapoza, akatia sukari kidogo, akampa kwa kijiko. «Mtoto ana kiu, jua kali hivi,» akasema. Mimi nilikuwa kitandani. Siku za CPN nilikuwa nimefundishwa mara tatu kwamba mtoto hapewi kitu kingine chochote kabla ya miezi sita. Nikanyamaza. Nani anamkatalia dada ya baba yake?

Nasimulia hii kwa sababu kila mara takwimu za kunyonyesha zinapotoka, watu wanauliza: ni wakina mama gani wananyonyesha vizuri na ni gani wanashindwa? Wa kijijini au wa mjini? Waliosoma au wasiosoma? Maskini au tajiri? Swali ni zuri, lakini jibu linategemea mtu anahesabu nini. Kuna hesabu tatu zinazochanganywa kila siku kwenye redio na kwenye semina. Ya kwanza: ni watoto wangapi waliowahi kunyonya. Ya pili: ni wangapi, kati ya wale walio chini ya miezi sita, wanaopata maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji, bila chai. Ya tatu: ni wangapi wanaoendelea kunyonya mpaka mwaka mmoja au miwili. Mama mmoja anaweza kuwa wa kwanza darasani katika hesabu moja na wa mwisho katika ingine.

Kwa hesabu ya kwanza, Kongo haina shida. Uchunguzi wa kitaifa wa afya, EDS, wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 98 kwa mia walikuwa wamenyonya. Hapa kwetu mama asiyenyonyesha kabisa ndiye anayeulizwa maswali. Kwa hesabu ya pili mambo yanageuka. EDS ya 2007 ilikuta watoto 36 kwa mia tu, chini ya miezi sita, wakipata maziwa ya mama peke yake. Ile ya 2013-2014 ikakuta 48. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ukafikisha 54. Ni mwendo mzuri, haupingiki. Lakini maana yake ni kwamba karibu nusu ya watoto wachanga wa nchi hii wanawekewa kitu kingine mdomoni mapema, na mara nyingi kitu hicho ni maji.

Na hata ile 54 inatudanganya kidogo. Wachunguzi wanauliza mama: jana mtoto wako alikula nini? Wanachanganya mtoto wa wiki mbili na mtoto wa miezi mitano katika hesabu moja. Yule wa wiki mbili ananyonya tu, na anapandisha namba. Yule wa miezi mitano ameshaonja bugali la baba yake.

Majirani zetu na umaskini

Jibu la kwanza ambalo watu wanalo mdomoni ni umaskini. Mama hana chakula, kwa hiyo hana maziwa, kwa hiyo anampa mtoto maji na uji. Tuangalie majirani kabla ya kukubali.

Burundi ni moja ya nchi maskini kabisa duniani. Uchunguzi wake wa 2016-2017 ulikuta zaidi ya watoto 80 kwa mia, chini ya miezi sita, wakinyonya bila kupewa kingine. Tunajua kwamba kutaja Rwanda siku hizi kunachoma mioyo ya watu wengi hapa, na haya si ya siasa, lakini namba ni namba: 87 kwa mia katika uchunguzi wa 2014-2015, 81 katika ule wa 2019-2020. Uganda ilikuwa na 66 mwaka 2016. Tanzania 59 katika uchunguzi wake wa 2015-2016. Mama wa Uvira na mama wa Bujumbura wanakunywa kutoka ziwa moja la Tanganyika, wanakula lenga-lenga na ndagala zile zile, na wengi wao wanasikilizana lugha. Jua linalomchoma mtoto wa Uvira ndilo linalomchoma mtoto wa Bujumbura. Kiu haiwezi kuwa tofauti kiasi hicho.

Kuhusu maziwa ya mama mwenye njaa, sayansi inasema jambo ambalo wengi hawaliamini: mama aliyekonda bado anatengeneza maziwa ya kutosha, isipokuwa njaa iwe kali kabisa. Mwili wake ndio unaolipa. Kwa hiyo anayepaswa kuongezewa chakula katika nyumba ile ni mama, si mtoto wa miezi miwili. Na maji? Maziwa ya mama ni maji kwa sehemu kubwa, karibu 88 kwa mia. Mtoto mwenye kiu akinyonya anakunywa.

Tena kunyonyesha kunafuata sheria ya ajabu: matiti yanatengeneza kadiri yanavyonyonywa. Miaka ya 1970, watafiti kutoka Ubelgiji walipima hapa Kivu damu ya wakina mama wanaonyonyesha, wakitafuta homoni inayoitwa prolaktini, ile inayoamrisha mwili kutengeneza maziwa. Walikuta kwamba wakina mama waliokuwa wakinyonyesha mara nyingi, zaidi ya mara sita kwa siku, walibaki na homoni hiyo juu kwa muda mrefu, hata zaidi ya mwaka mmoja. Waliokuwa wakinyonyesha mara chache ilishuka mapema. Sayansi ya dunia imejifunza jambo hilo kutokana na damu ya wakina mama wa Kivu, na wajukuu wao wengi hawajawahi kulisikia. Kila kijiko cha maji kinashibisha tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, mwili unapunguza maziwa, mama anasema «ona, sina maziwa», na uji unaingia. Mama huyo hasemi uongo. Wakati huo maziwa yamepungua kweli, kwa sababu ya maji yale yale.

Na maji yenyewe ni yapi? Goma, Uvira, Kalemie: kipindupindu ni mkaaji wa kudumu katika miji hii ya kando ya maziwa yetu makuu. Familia inayonunua kidumu cha maji kwa franka za mwisho haichemshi yote. Hapo kikombe cha huruma kinakuwa hatari kuliko njaa.

Anayeishia njiani na anayeanza vibaya

Tofauti kati ya wakina mama zipo, lakini hazifuati mstari ambao watu wengi wanaudhani. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha mfululizo mkubwa kuhusu kunyonyesha duniani, ukiongozwa na mtafiti wa Brazil Cesar Victora. Moja ya mambo waliyoonyesha ni hili: katika nchi maskini na za kipato cha kati, wakina mama maskini wananyonyesha muda mrefu kuliko matajiri. Katika mambo ya afya hiyo ni nadra sana. Chanjo, chandarua, kujifungua hospitalini, kila mahali tajiri yuko mbele. Kwenye kunyonyesha mpaka mwaka na zaidi, maskini ndiye aliye mbele. Watafiti hao walihesabu kwamba kama wakina mama wote duniani wangenyonyesha inavyoshauriwa, vifo vya watoto 823 000 vingeepukwa kila mwaka, na vifo 20 000 vya wanawake kwa kansa ya matiti.

Ukileta picha hiyo hapa kwetu, unaona wakina mama wawili wanaokosa mahali tofauti. Mama wa kijijini, mkulima, ananyonyesha miaka miwili bila mtu kumkumbusha. Mtoto yuko mgongoni kwenye kitenge, analala naye, ananyonya usiku kucha. Lakini ameshaonjeshwa maji siku ya kwanza na uji wa mihogo mwezi wa tatu, maana ndivyo koko alivyolea watoto wake wote. Na mama akishika mimba ingine, wanamwambia maziwa yameharibika, mtoto anaachishwa siku ile ile. Hilo nalo halina msingi: mama mwenye mimba ya kawaida anaweza kuendelea.

Mama wa mjini, mwenye diploma ya serikali au zaidi, anajua habari ya miezi sita kwa kichwa. Yeye anakwama kwenye kazi. Tena tuseme ukweli, katika mitaa mingine biberoni imekuwa alama ya kwamba mtu ana uwezo. Kwenye sherehe, mtoto wa mwenye pesa ana biberoni na mkebe wa maziwa ya unga juu ya meza, kila mtu auone. Yule anayetoa titi anaangaliwa kama ametoka kijijini jana. Sijui mzigo gani mwingine wa kigeni tumeununua kwa bei kubwa hivyo ili kubadilisha kitu tulichokuwa nacho bure. Dunia ililiona jambo hili zamani: mwaka 1981 mkutano wa OMS ulipitisha kanuni ya kimataifa inayokataza kutangaza maziwa hayo kwa watu wote na kuyagawa bure kwa wakina mama.

Sheria ya kazi na saa za soko

Kanuni ya kazi ya Kongo, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mwanamke mfanyakazi likizo ya uzazi ya wiki 14 zinazofuatana: sita kabla ya kujifungua na nane baada. Wakati wa likizo analipwa theluthi mbili za mshahara. Akirudi kazini ana haki ya kupumzika mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, ili anyonyeshe.

Sasa tuhesabu. Miezi sita ni wiki 26. Sheria inampa nane baada ya kujifungua. Wiki 18 zilizobaki anategemea zile nusu saa mbili. Mama anayeishi Panzi na kufanya kazi Nyawera, atoke, apande moto, apite msongamano wa Essence, anyonyeshe, arudi, yote kwa dakika thelathini? Wengine wanaleta mtoto na yaya mpaka mlango wa ofisi, wanajificha kwenye gari la mtu au nyuma ya duka. Ofisi yenye chumba cha kunyonyeshea, mimi binafsi sijawahi kuiingia katika mji huu.

Na huyo bado ana bahati, maana ana mkataba. Wakina mama wengi wa mashariki hawajulikani na sheria hiyo hata kidogo. Muuza nyanya hana likizo. Mama anayevuka mpaka wa Goma kila asubuhi na beseni kichwani, akikaa nyumbani siku moja, siku hiyo nyumba haili. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Kivu ya Kusini kuna wale wanaoitwa twangaises, wanawake wanaotwanga mawe kwa mikono mpaka yawe unga, wakilipwa kwa kazi ya siku. Wengine wana watoto wachanga pembeni, katika vumbi lile. Wengine wamemwacha mtoto kwa dada yake wa miaka minane. Dada huyo mtoto akilia atampa nini? Atampa alichonacho: maji, chai, kipande cha muhogo.

Kwa hiyo mtu anaposema «wakina mama wa soko hawanyonyeshi vizuri kwa sababu hawajui», mimi nina mashaka. Wengi wanajua. Kinachokosekana ni saa sita za kukaa mbali na beseni.

Jaribio la Kinshasa

Je, kuna kitu kinachobadilisha hali? Ndiyo, na kimepimwa hapa hapa nchini. Mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Marcel Yotebieng walichagua vituo sita vya afya mjini Kinshasa na kuwafuata wakina mama zaidi ya 900 na watoto wao. Vituo viwili viliachwa viendelee kama kawaida. Vinne vilifundishwa zile «Hatua kumi» za OMS na UNICEF: mtoto awekwe kwenye titi mapema, alale karibu na mama, asipewe kitu kingine, manesi wamwonyeshe mama namna ya kumshika mtoto, na kadhalika. Kati ya vinne hivyo, viwili vilifuata hatua tisa za kwanza, na viwili vikaongeza hatua ya kumi, ile ya kumsaidia mama baada ya kurudi nyumbani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto walipofika wiki 14, katika vituo vya kawaida 29 kwa mia tu walikuwa bado wananyonya bila kupewa kingine. Katika vituo vya hatua tisa walikuwa 65. Walipofika miezi sita, vituo vya kawaida vilibaki na 12 kwa mia. Vya hatua tisa, 36. Na vile vilivyoongeza hatua ya kumi? Arobaini, halafu 14. Yaani waliofanya zaidi walipata kidogo. Msaada wa baada ya kurudi nyumbani, kwa namna ulivyotolewa pale, haukuongeza kitu.

Kwangu mimi kuna mambo mawili ya kushika hapo. La kwanza ni ile namba 12. Hapo ndipo unaona ukweli uliofichwa na wastani wa kitaifa: katika mji mkuu, bila msaada maalum, karibu mtoto mmoja kati ya wanane anafikisha miezi sita. La pili ni kwamba kilichobadilishwa ni watu wa maternite. Mshahara wa mama haukubadilika, nyumba yake haikubadilika, wala shule yake. Na EDS ya 2013-2014 ilikuta kwamba wanawake 80 kwa mia nchini wanajifungulia katika kituo cha afya. Wanawake wanane kati ya kumi, wa kila kabila na kila kipato, wanapita mikononi mwa mkunga. Mlango upo.

Lakini kwenye mlango huo ndipo mambo yanapoharibika mara nyingi. Nilipojifungua mtoto wa pili, katika maternite moja ya hapa ambayo sitaitaja, muuguzi wa zamu alimchukua mtoto «ili upumzike kidogo» na kunirudishia amelala, ameshiba. Alikuwa amempa maji ya glukozi. Na juu ya ukuta, mita mbili kutoka pale, kulikuwa na picha kubwa ya mama ananyonyesha. Muuguzi yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wazazi kumi na wawili usiku ule, peke yake. Na serikali, nilivyosikia, ilikuwa haijamlipa prime kwa miezi kadhaa.

Mtoto huyo wa pili, shangazi alikuja tena. Safari hii mama mkwe wangu ndiye aliyezungumza naye, kwa heshima, mlangoni, kabla hajaweka mizigo chini. Alikuwa ameenda CPN pamoja nami mara moja, amesikia mwenyewe kutoka kwa mkunga. Neno langu mimi lisingesikilizwa. La mwanamke wa umri wake lilisikilizwa. Ndiyo maana nadhani wanaofundisha mama peke yake, wakimwacha koko nje kwenye benchi, wanafanya nusu ya kazi.

Vita, virusi na kambi

Mashariki hatuwezi kuongea kunyonyesha bila kuongea vita. Kambi zilizozunguka Goma, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, zilibomolewa mwanzoni mwa 2025 baada ya mji kuangukia mikononi mwa M23. Familia zilitawanyika na mashuka mgongoni. Mama anayekimbia siku tatu anahisi titi limekauka. Woga na uchovu vinaweza kuzuia maziwa yasitoke kwa muda, havikaushi chemchemi. Akipata mahali pa kukaa, chakula, maji ya kunywa yeye, na mtoto akiendelea kunyonya, maziwa yanarudi. Ndiyo sababu mashirika yanayojua kazi hii hayagawi mikebe ya maziwa ya unga ovyo kambini. Mkebe unaisha, maji ni machafu, na titi limeshaachwa. Maziwa hayo yana kazi yake: mtoto yatima, au ambaye mama yake hayupo, na hapo lazima mtu wa afya amfuatilie.

Tulishaona hali kama hiyo wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020. Mama mgonjwa alitenganishwa na mtoto wake, kwa sababu virusi vinapita katika maziwa. Beni na Butembo kulikuwa na vyumba vya kulelea watoto hao, na waliowabeba na kuwanywesha walikuwa wanawake waliopona Ebola wenyewe, maana wao hawakuogopa.

VIH ni habari tofauti, na hapa bado kuna wanaoshika ushauri wa zamani. Tangu 2016 OMS inasema wazi: mama mwenye VIH anayekunywa dawa zake vizuri anyonyeshe bila kuchanganya miezi sita ya kwanza, kisha aendelee pamoja na chakula angalau mpaka miezi 12, na anaweza kufika miezi 24. Wapo wakina mama wanaoacha kwa woga, na wapo wanaonyonyesha kwa siri huku wakimpa mtoto biberoni mbele ya watu. Kuchanganya huko katika miezi ya kwanza ndiko kunakomweka mtoto hatarini.

Mkongomani akifika ng'ambo

Wasomaji wetu walioko Marekani na Uingereza wanaweza kusema hayo ni ya nyumbani tu. Huko nako namba zinatofautiana, na zinafundisha. Uingereza, uchunguzi wa 2010 ulionyesha kwamba 79 kwa mia ya wakina mama wazungu walianza kunyonyesha, na 96 kwa mia ya wakina mama weusi. Marekani ni kinyume: kati ya watoto waliozaliwa 2015, wazungu walionyonya walikuwa karibu 86 kwa mia, weusi 69.

Rangi ni ile ile, matokeo yamepinduka. Weusi wengi wa Uingereza ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji, waliotoka Afrika na Karibi na desturi ya kunyonyesha mkononi. Weusi wengi wa Marekani wamebeba historia ingine. Wakati wa utumwa bibi zao walilazimishwa kunyonyesha watoto wa mabwana huku wa kwao wakikosa. Baadaye biashara ikawafuata: mwaka 1946, watoto wanne mapacha wa familia ya Fultz, weusi wa North Carolina, waligeuzwa tangazo la kampuni ya maziwa ya kopo. Na hospitali nazo: mwaka 2014 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilionyesha kwamba hospitali za mitaa yenye weusi wengi zilikuwa nyuma katika mambo ya msingi, kama kumwacha mtoto chumbani na mama. Ongeza kwamba Marekani haina sheria ya kitaifa ya likizo ya uzazi inayolipwa. Ile ya 1993 inatoa wiki 12 bila mshahara, na haigusi kila mfanyakazi.

Mama wa Fizi au Masisi aliyelea watoto watatu Nakivale kwa maziwa yake, akapelekwa Marekani kama mkimbizi, anaingia katika mfumo huo. Programu ya serikali inayosaidia familia za kipato kidogo inampa chakula, na akitaka, inampa pia maziwa ya unga bure. Programu hiyo hiyo ina washauri wa kunyonyesha, na inamwongezea chakula anayenyonyesha. Lakini lazima aulize, na aulize kwa lugha ambayo hajaizoea. Ndugu zetu walioko huko, ombeni mkalimani. Ni haki yenu.

Kwa waliobaki nyumbani na wanaorudi sokoni kesho, kuna jambo moja ambalo wakunga wetu wangelirudia zaidi. Maziwa yanaweza kukamuliwa kwa mkono. Nawa mikono, kamua katika kikombe safi chenye mfuniko, asubuhi kabla ya kutoka. Mahali pa baridi ndani ya nyumba, pasipopigwa na jua, yanakaa saa nne bila kuharibika. Mwenye friji yenye umeme wa uhakika anaweza kuyaweka siku nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, polepole, si kwa biberoni: kikombe ni rahisi kuosha, na mtoto hasahau titi. Ukirudi jioni mnyonyeshe kwanza, sombe itangoje. Usiku mnyonyeshe mara nyingi anavyotaka, hapo ndipo maziwa ya kesho yanapotengenezwa. Akifika miezi sita, uji wa masoso uanze, na titi liendelee.